Hofu Inayobaki Hatari Ikiisha Kupita

Mazungumzo ya redio ya asubuhi. Somo: 1 Wafalme 19:1-18

Wengine wenu mko jikoni mnachemsha chai, wengine mko njiani kwenda kazini, na wengine, twajua, mngali kitandani kwa sababu usiku kucha hamkupata usingizi. Asubuhi ya leo tunataka kusema hasa na hao wa mwisho.

Mkiwa na Biblia karibu, fungueni kitabu cha kwanza cha Wafalme, mlango wa 19. Nabii Elia ametoka mlima Karmeli. Alisimama pale peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali, moto ukashuka, kisha mvua ikanyesha baada ya ukame mrefu. Mtu wa namna hiyo tungemtazamia awe simba. Lakini malkia Yezebeli anamtumia mjumbe kumwambia kwamba kesho, wakati kama huo, atakuwa maiti, naye Elia anaondoka mbio kuokoa roho yake. Anakwenda mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anatembea mwendo wa siku moja jangwani, anaketi chini ya mretemu, na anamwomba Mungu autwae uhai wake.

Sasa angalieni. Beer-sheba ilikuwa nchi ya Yuda, nje ya ufalme wa mume wa Yezebeli. Ukitazama ramani, hatari ilikuwa imekwisha kubaki nyuma, mbali sana. Lakini hofu haikubaki nyuma pamoja nayo. Ilivuka mpaka na Elia, ikaketi naye chini ya mti.

Hatusemi kwamba Elia alikuwa na ugonjwa huu au ule. Biblia si faili ya hospitali, na sisi hatupendezwi na wahubiri wanaowapima manabii kama watu waliopanga foleni kliniki. Twasema tu kwamba watu wengi waliopatwa na mambo ya kutisha, wakisoma mlango huu, hujitambua. Kukimbia hata pasipo wa kukufuata. Kutaka kuachwa peke yako. Kulala mchana. Kuona kwamba umesalia wewe tu duniani. Kuomba mambo yaishe.

Basi tuyalete karibu na nyumbani. Wengi wenu mnaikumbuka Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, na ninyi mliozaliwa baadaye mmesimuliwa. Baada ya saa nne na nusu asubuhi, watu waliokuwa kazini karibu na makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, Nairobi, walisikia mlipuko mdogo. Walifanya ambalo yeyote kati yetu angelifanya: wengi walikwenda dirishani kutazama. Ndipo bomu kubwa lililokuwa ndani ya lori likalipuka nje ya ubalozi wa Marekani. Jumba la Ufundi lililokuwa kando likaporomoka. Hapo Nairobi walikufa watu 213, wengi wao Wakenya wenzetu waliokuwa wamekuja mjini kutafuta riziki. Maelfu waliumia, na wengi miongoni mwao waliumia macho kwa vioo vya madirisha yale yale waliyoyaendea. Asubuhi iyo hiyo bomu jingine lililipuka Dar es Salaam.

Mahali pale leo ni bustani ya ukumbusho. Miti imepandwa, na majina ya waliokufa yameandikwa ukutani. Lakini iko hesabu nyingine ambayo haikuandikwa ukutani. Katika miezi mitatu ya kwanza baada ya mlipuko, madaktari wa magonjwa ya akili wa hapa Nairobi, Dakta Frank Njenga na wenzake, walikusanya majibu ya watu zaidi ya 2,500 waliofikwa na mambo yale. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2004. Waliona kwamba karibu watu 35 katika kila 100 walikuwa na dalili za ugonjwa ufuatao kiwewe. Wengine katika hao hawakuwa na jeraha lolote mwilini. Ungekutana nao njiani ungesema, ashukuriwe Mungu, huyu alitoka salama.

Madaktari wale waliuliza pia ni nani walioumia zaidi rohoni. Majibu mengine hayashangazi: aliyeuona mlipuko kwa macho yake, aliyejeruhiwa na jeraha lake halijapona, aliyefiwa, aliyepungukiwa fedha tangu siku ile. Lakini limo moja ambalo sisi wa kanisani twapaswa kulisoma mara mbili. Wale ambao hawakuwa wamemfungulia rafiki moyo walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Mwenye akili atauliza: je, waliugua kwa sababu walinyamaza, au walinyamaza kwa sababu walikuwa wagonjwa? Huenda ni yote mawili. Kiwewe humfunga mtu kinywa, na kinywa kilichofungwa hukilisha kiwewe.

Wazee wetu waliijua habari hii kabla ya madaktari. Walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sisi tukiisikia methali hii twacheka, twamwona mtu mzima anaruka kwa sababu ya jani. Methali yenyewe haicheki. Yasema, usiutazame unyasi, utazame mguu wa mtu yule, pana alama ya meno.

Na jambo lenyewe hutokea hivi. Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo, umbo lake kama lozi, ambayo kazi yake ni kazi ya mlinzi wa usiku. Haingoji kufikiri. Ikisikia kishindo hupiga king'ora: moyo unadunda, mate yanakauka, jasho linatoka, miguu inakuwa tayari kukimbia. Twamshukuru Mungu kwa mlinzi huyu, maana bila yeye tungalikwisha kugongwa na magari zamani. Hatari ikipita, mlinzi hutulia. Lakini kwa mtu aliyepatwa na jambo la kutisha kupita kiasi, huweza kutokea kwamba mlinzi hajui kumekwisha kucha. Anaendelea kupiga king'ora mwezi baada ya mwezi, kwa kila jani linalotikisika.

Tena kumbukumbu ya namna hii si kama kumbukumbu nyingine. Tukiikumbuka arusi ya mwaka jana, twajua kwamba ilikuwa mwaka jana, na viti vimekwisha rudishwa. Kumbukumbu ya kiwewe mara nyingi haina tarehe. Glasi inavunjika jikoni, gurudumu la matatu linapasuka barabarani, harufu ya dizeli inaingia dirishani, na mtu yule yumo tena ndani ya siku ile. Usiku hurudishwa huko na jinamizi. Mchana huikwepa barabara ile, jengo lile, hata watu waliokuwa naye. Hukasirika kwa jambo dogo, watoto wake wanamwogopa, naye hajui sababu. Mambo yaliyokuwa yakimfurahisha, kwaya, shamba, mpira, yamekuwa kama chakula kisicho na chumvi.

Katika majuma ya kwanza hayo yote ni ya kawaida, wala tusimwite kila aliyeshtuka mgonjwa. Wengi hupona wenyewe, hasa wakiwa na watu wa kuwashika mkono. Lakini ukipita mwezi mmoja na mtu bado yu hivyo, na hawezi kufanya kazi wala kuishi na watu wa nyumbani, basi huo ni ugonjwa. Madaktari wa Marekani waliuandika kwa jina lake katika kitabu chao cha magonjwa mwaka 1980, na una tiba.

Wala ugonjwa huo haupendi kukaa peke yake. Hualika jamaa zake. Mmoja ni wasiwasi wa kila siku, ambao hauhitaji tena bomu wala jambazi. Mtoto akichelewa dakika kumi kutoka shuleni, mama amekwisha kumzika moyoni. Mwingine ni ile hofu ya ghafla inayomshika mtu kifua hata akadhani moyo wake unasimama. Anakimbizwa hospitali, moyo unapimwa, anaambiwa hana kitu, anarudi nyumbani na aibu juu ya hofu. Mwingine ni unyogovu, ile huzuni nzito isiyoinuka kukipambazuka. Na wanaume wengi, tuseme kweli, huyatafuta matibabu yao katika chupa, kwa maana pombe huleta usingizi wa saa tatu. Kisha huleta mambo mengine ambayo wake zao wanaweza kuyaeleza kuliko sisi.

Msidhani tunasema habari za mabomu tu. Yako yaliyoitikisa nchi nzima, kama fujo za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua watu zaidi ya 1,100 na kuwatoa mamia ya maelfu katika makao yao; kama Westgate mwaka 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015. Lakini kwa kila mmoja aliyekuwa katika hayo, wako wengi waliovunjiwa mlango na majambazi usiku, walioangushwa na bodaboda, waliopigwa na waume zao chumbani huku jirani akiongeza sauti ya redio, waliovuka kifo wakati wa kujifungua, waliobakwa na kuambiwa wanyamaze. Hayo hayana bustani ya ukumbusho.

Mfikirieni mtu aliyenusurika ajali ya matatu pale Salgaa. Mifupa imeunga. Siku ya kwanza anapanda gari tena, moyo unamwenda mbio, anamwambia kondakta amshushe njiani. Akishuka, moyo unatulia. Basi moyo umejifunza somo la uongo: nimepona kwa kuwa nilishuka. Siku nyingine hapandi kabisa, na nafuu inakuwa kubwa zaidi. Baada ya mwaka mmoja haendi sokoni, haendi kliniki, haendi mazikoni kwa mjomba wake, na jamaa wanasema amekuwa na kiburi. Kila aliposalimu amri, hofu ilipewa ekari moja zaidi, mpaka ikalimiliki shamba lote. Ndiyo sababu tiba nyingi zilizo nzuri humrudisha mtu polepole, akiwa na mtu wa kumsindikiza, kuelekea jambo lile lile analolikwepa. Kwanza hutazama gari likiwa limesimama. Juma jingine huketi ndani yake, injini ikiwa imezimwa.

Sasa tuingie kanisani. Katika parishi moja tuliyoitumikia palikuwa na mama aliyekuwa kazini karibu na mahali pale siku ya mlipuko. Ametupa ruhusa kusimulia, nasi tumebadili mambo machache asitambulike. Kila Jumapili aliketi benchi la mwisho karibu na mlango, mbali na madirisha. Vijana walipoanza kupiga ngoma na kuongeza sauti ya spika, alitoka akasimama chini ya mti mpaka wamalize. Watu walisema anajitenga. Wengine walisema amepoa kiroho. Hatimaye kikundi kimoja cha maombi kutoka mahali pengine kilikwenda nyumbani kwake kukemea roho ya hofu. Walifunga mlango, wakamzunguka, wakamshika kichwa, wakapaza sauti wote pamoja. Alitetemeka na kulia sana, nao wakakihesabu kilio kile kuwa ushindi. Juma lililofuata walimtaka asimame ashuhudie kwamba amefunguliwa. Akasimama. Akasema yale waliyotaka ayaseme, watu wakapiga makofi. Hakuonekana tena kanisani kwa miezi saba.

Ndugu, hatuyasemi haya kuwadharau waombaji. Walimpenda mama yule, waliacha kazi zao wakaenda kwake, jambo ambalo waliomsengenya hawakulifanya. Lakini kumfungia ndani mtu anayeogopa kufungiwa, na kumpigia kelele mtu anayeumizwa na kelele, ni kumtia chumvi kidondani. Na juu ya ushuhuda tunayo neno moja. Ushuhuda ni mali ya mwenye kushuhudia. Ukidaiwa kama kodi, mtu atalipa kwa fedha bandia, kisha atajificha asionekane. Twaogopa kwamba katika makanisa yetu wako wengi waliokwisha kutangaza kupona, na sasa hawana mlango wa kurudi kusema, bado ninaumwa.

Aliyemrudisha mama yule hakuwa mchungaji wala daktari. Alikuwa mwenzake wa Mothers' Union, muuza mboga. Kila Jumatano alasiri alikwenda kwake na fungu la mboga, wakachambua pamoja, akaenda zake. Hakuuliza kitu. Majuma mengi yalipita hivyo. Siku moja, mikono ikiwa katika kunde, mama yule alianza kusimulia habari ya kiatu. Alikuwa ametembea mpaka nyumbani siku ile akiwa na kiatu kimoja, na hakukumbuka kingine kilitokea wapi. Alisimulia akafika mahali, akanyamaza. Jumatano iliyofuata alianza tena na kiatu, na iliyofuata tena.

Yule muuza mboga alituambia maneno ambayo hatujayasahau. Alisema, "Mchungaji, hadithi ile niliisikia mpaka ningeweza kuisimulia mimi. Lakini niliona kitu. Mwanzoni ilikuwa ikiishia kwenye moshi. Siku hizi yafika mpaka mlangoni kwake, mume wake akimfungulia."

Yaani hadithi ilikuwa imepata mwisho. Siku ile ilianza kuwa na jioni yake.

Turudi kwa Elia, maana hapa ndipo twaona ajabu ya mlango huu. Mungu alimfanyia nini mtu yule chini ya mretemu? Hakumhubiria. Hakumkumbusha Karmeli na kumwuliza imani yake imekwenda wapi. Malaika alimgusa akampa mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaguswa tena, akala tena. Kisha akatembea siku 40 mpaka Horebu. Huko ndiko Bwana alikomwuliza ana shughuli gani pale. Elia akamwaga yote yaliyokuwa moyoni. Ukapita upepo, ukapita tetemeko, ukapita moto, kisha ikaja ile sauti ndogo ya utulivu, na Bwana akamwuliza swali lile lile mara ya pili. Someni aya ya 10, kisha someni aya ya 14. Elia alijibu kwa maneno yale yale. Bwana hakumkatiza wala hakumwambia, hayo umekwisha kuyasema. Sisi wachungaji twachoka tukisimuliwa jambo mara ya tatu, twatazama saa.

Tena angalieni mpango wa mambo: chakula, usingizi, safari ndefu, ndipo swali. Twasema hivi kwa sababu ikitokea ajali au shambulio, huja watu wenye nia njema wanaowakusanya waliookoka siku ile ile na kuwataka kila mmoja asimulie yote aliyoyaona. Utafiti umeonyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii ugonjwa, na wengine huwazidishia. Shirika la Afya Duniani linashauri kisifanywe. Siku hiyo mtu anahitaji blanketi, chai ya moto, simu ya kuwapigia wa kwao, na mtu wa kukaa naye. Akitaka kusema, asikilizwe. Akitaka kunyamaza, aachwe anyamaze, ila asiachwe peke yake.

Wako watakaosema, hayo ni kazi ya wataalamu, nasi katika kijiji chetu hatunao. Ni kweli, ni wachache mno. Lakini sikieni. Hapa Nairobi, katika vitongoji vya mji, wanawake 421 waliokuwa na dhiki ya moyo, wengi wao wakiwa wamewahi kutendewa ukatili, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa huduma ya kawaida ya afya. La pili lilipewa vikao vitano vya mazungumzo, kila mama na msaidizi wake. Wasaidizi hao walikuwa wahudumu wa afya wa mitaani, watu wa kawaida waliofundishwa kwa siku chache na kusimamiwa vizuri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: wanawake waliopata vikao vile dhiki yao ilipungua zaidi. Na kule Uganda, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wakimbizi wenyewe walifundishwa kwa majuma machache, wakawasaidia Wanyarwanda na Wasomali wenzao waliokuwa na ugonjwa wa kiwewe, na wengi wakapata nafuu kubwa.

Katika njia moja iliyotumiwa kule, hutandazwa kamba sakafuni, nayo ndiyo maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Penye jambo jema huwekwa ua, penye jambo baya huwekwa jiwe. Kisha mtu husimulia maisha yake akiifuata kamba, kikao baada ya kikao, na kila jiwe hupewa mahali pake na mwaka wake. Tunayasema haya mpate kujua kwamba yapo, lakini msiende mkayajaribu bila kufundishwa. Jiwe la mtu likiinuliwa vibaya humwangukia. Kile alichokifanya muuza mboga, hicho kila mmoja wetu aweza kukifanya wiki hii.

Naye hakuishia hapo. Alipoona kwamba mwenzake bado halali, alipanda naye matatu wakaenda hospitali ya wilaya, akaketi naye kwenye foleni. Huko alipata mshauri, na vidonge kwa muda. Hapa wengine mtatikisa kichwa, maana yako mahubiri yanayofundisha kwamba kidonge cha moyo ni upungufu wa imani, ilhali mhubiri mwenyewe anameza cha presha kila asubuhi. Mfalme Hezekia alipougua, akaomba, na Mungu akaahidi kumponya, Isaya hakusema basi imetosha. Aliagiza ubandikwe mkate wa tini juu ya jipu. Someni 2 Wafalme 20. Ahadi na dawa vilitoka katika kinywa kimoja.

Twajua kinachowazuia wengi ni jina la Mathari. Hospitali ile ilianza mwaka 1910 kama mahali pa kuwafungia waliorukwa na akili, na zaidi ya miaka 100 jina lake limetumiwa kama matusi kwenye viwanja vya shule. Leo ni hospitali ya taifa ya rufaa na ya kufundishia madaktari. Wala si kila mwenye kiwewe apelekwe huko. Hospitali nyingi za kaunti zina muuguzi au afisa wa afya ya akili. Ulizeni kliniki iliyo karibu nanyi.

Neno moja kwa wazazi. Mtoto aliyeona jambo baya huenda asiseme neno. Utamwona ameanza tena kukojoa kitandani ilhali aliacha, au anaucheza mchezo mmoja wa kuzika kila siku, au hakuachi uende hata chooni. Asichapwe kwa hayo. Arudishiwe ratiba yake, shule, uji, hadithi ya jioni, na ajibiwe maswali yake kwa kweli fupi.

Na neno kwa yule anayetusikiliza huku akiomba ombi la Elia, kwamba uhai wake utwaliwe. Wewe hatukulaumu, wala Bwana hakumlaumu nabii wake. Kwa miaka mingi katika nchi yetu aliyejaribu kujiua alihesabiwa mhalifu, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Basi usiogope kusema. Mwambie mtu mmoja leo, kabla jua halijatua, kwa maneno yaliyo wazi. Na ninyi mtakaoambiwa, msianze na hotuba. Kaeni naye, mumsindikize hospitali, na ile dawa ya wadudu ya shambani itoeni katika nyumba hiyo ikalale kwa jirani.

Mtauliza yule mama yu hali gani. Alirudi kanisani. Hata leo huketi benchi la mwisho karibu na mlango, na mlango huo wazee wa kanisa wameamua usifungwe wakati wa ibada, hata kukiwa na baridi. Spika iliyokuwa upande ule imehamishwa. Tarehe 7 Agosti ya kila mwaka hulala vibaya, naye amekwisha kuizoea kama mtu azoeavyo goti linalouma wakati wa mvua. Siku za Jumatano bado wanachambua mboga pamoja, na siku hizi, tunaambiwa, mazungumzo ni ya bei ya nyanya.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutasoma 2 Samweli mlango wa 13, habari za Tamari binti Daudi, na lile aliloambiwa na ndugu yake Absalomu alipotoka katika nyumba ya Amnoni. Ni somo gumu. Wenye watoto wadogo karibu na redio wajue mapema. Kwaherini.